Kahawa ya Khitma ya Mume Wangu

Waliosema kahawa ya mume wangu ni haramu walikuwa wawili. Majina yao nayaacha, mji mzima wa Amu wawajua. Mmoja ni shemeji yangu, ndugu mdogo wa marehemu. Wa pili ni shehe kijana aliyerudi kutoka kusoma ng'ambo, uhuru ulipokuwa bado mpya.

Mume wangu alikuwa muuza kahawa mtaani Mkomani. Hupita na dele lake, birika la kahawa la shaba, mkono mmoja, mkono wa pili vikombe viwili vyalia, ka-ka-ka, watu wakajua ni yeye kabla hawajamwona. Kwa kazi hiyo alinioa, tukazaa, na nguo za Idi za huyo shemeji, tangu yu mtoto, zilitoka humo deleni.

Alipofariki, kahawa ya khitma yake niliipika mimi, kwa dele lake mwenyewe. Niko eda, ndani nyuma ya pazia. Wanaume wako dakani, pale mlangoni. Kusoma Kurani kukaisha, kahawa ikapelekwa. Shehe akainua mkono.

"Isinywewe. Kinachoondoa usingizi kinagusa akili, na kinachogusa akili ni ndugu wa tembo. Tena tazameni mnavyokizungusha kikombe mkono kwa mkono, kama walevi."

Shemeji akadakia, "Kweli, shehe. Nilimwambia marehemu, hakusikia."

Muongo! Hakumwambia neno maisha yake. Nikaelewa wanachoninyang'anya. Kama kahawa ni haramu, basi mume wangu amekufa na chumo la haramu, na wanangu nimewalisha haramu, na huko chuo cha Kurani wataambiwa hivyo na wenzao. Na yule shehe, chai yake huinywa imekolea kama dawa. Chai nayo yaleta usingizi?

Mjane wa eda hasemi na wanaume. Nilichukua vikombe viwili vilivyobaki nikavigonga. Ka-ka-ka. Nikagonga tena, vile vile alivyogonga yeye.

"Nani huyo?" Shemeji akageukia pazia.

Mwadhini wetu, mzee wa watu, akacheka. "Mwenye kahawa huyo, bwana, atuita. Nitilieni. Mimi hunywa hii kabla ya adhana ya alfajiri tangu wewe hujazaliwa, shehe. Kama ni ulevi, basi Mkomani nzima huamshwa na mlevi, na mwasali!"

Akanywa. Wakanywa na wengine. Wengine wakatafuta viatu vyao wakaenda zao. Shemeji hakugusa.

Sisemi walijuta. Hawakuniomba radhi mpaka leo, nami sikuwapa. Eda ilipokwisha nilitafuta buni za kahawa, nikazikaanga siku ya Ijumaa, mlango wazi, moshi wote ndiani kwa wapitao, saa ile watu watoka msikitini. Wanangu nikawaketisha kizingitini, kila mmoja na kashata yake, waonekane. Shemeji alipotuona akageuka, akashika ndia nyingine, ile ndefu, ya jua kali.