Mdomo wa Kuazima

Shangazi yangu alifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na wenzake wa chumba cha kufulia walimwita Bi Kwanini. Hakulikataa jina hilo. Alisema mtu akiitwa kwa kazi yake hana haki ya kununa.

Kuuliza alianza zamani. Alipokuwa na miaka tisa, mwalimu wao wa dini aliwaeleza watoto kwamba Mungu ndiye aliyeumba kila kilichopo. Shangazi akanyoosha mkono: sifuri iliumbwa siku gani? Mwalimu akajibu kwamba sifuri si kitu. Shangazi akasema, kama si kitu, mbona tunaiandika? Na kama ni kitu lakini hakikuumbwa, si kilikuwepo na Mungu tangu mwanzo? Akatolewa nje mpaka kipindi kiishe.

Aliyemfuata nje kwa hiari yake alikuwa mdogo wake wa kiume, mtoto wa miaka saba. Alitaka aelezwe swali upya kwa kuwa halikumwingia vizuri. Huyo ndiye baba yangu. Alikuja kuwa mwalimu wa dini yeye mwenyewe, mtu wa sauti nzito na subira ndefu, na mtaa mzima ukamwita Mwalimu. Watu walijiuliza tumbo moja limewezaje kuwazaa wawili hawa.

Kila Jumamosi alasiri Baba alimpitia dada yake kazini, nami mara nyingi nilikuwa nyuma yake. Chumba cha kufulia kilikuwa uani mwa hospitali: mashine tatu, moja mbovu, meza ndefu ya mbao iliyolainika kwa kuguswa, na mabomba ya mvuke yaliyotoka jasho mwaka mzima. Shuka la hospitali halikunjwi vizuri na mtu mmoja. Basi Baba alivua koti, akashika pembe mbili, Shangazi akashika mbili, wakavuta, wakasogeleana, wakarudi nyuma, huku maneno yakienda na kurudi.

"Hizi akili nilizo nazo amenipa nani?" Shangazi alianza siku moja.

"Jibu langu unalijua, dada."

"Basi mbona nikizitumia ananuna?"

"Yeye hanuni. Wanaonuna ni sisi wasimamizi."

Shangazi alicheka, lakini hakuwa mtu wa kuachia hapo. "Asubuhi toroli moja limeniletea shuka la mtoto aliyezaliwa na shuka la mzee aliyekufa. Maji yale yale, sabuni ile ile, na kwenye kamba hujui lipi ni lipi. Nionyeshe hapo tofauti ya kuwepo na kutokuwepo."

Baba alikunja shuka lake mpaka mwisho ndipo akajibu. "Mtu wa kwanza kutafuta tofauti ni wewe. Shuka halikutafuta."

"Hilo nitalifikiria," alisema Shangazi, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kumpa mtu.

Sikuwahi kuwaona wakiachana kwa hasira. Wakishindana mpaka chai ikapoa, Shangazi alimtengeneza kola na kumwambia awahi nyumbani.

Kisha Baba akapigwa na kiharusi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akifunga kamba za viatu. Upande wa kulia ukalegea, na ile sauti iliyojaza darasa ikaondoka yote. Daktari alituambia anaelewa kila kitu, ila maneno hayatoki. Hata hivyo wageni waliokuja kumjulia hali walimpigia kelele kana kwamba ni kiziwi, au walimzungumzia palepale kana kwamba hayupo.

Shangazi alikuja akavuta kiti. "Haya, mdogo wangu. Tulikuwa tumefika wapi?"

Akatoa hoja yake, akasubiri. Akatoa nyingine. Nilimwona akilishika shuka la kitanda na kulikunjua, kulikunja na kulikunjua. "Kubishana peke yangu siwezi," alisema. "Nitafungiwa kama mwendawazimu."

Siku ya tatu aliniomba kiti cha pili. Akakiweka upande wa pili wa kitanda. "Nikikaa huku ni mimi," alimwambia Baba. "Nikikaa kule ni wewe. Nikikusingizia, gonga."

Tangu hapo ikawa hivyo kila alasiri akitoka kazini. Alisema yake, akainuka akishika magoti, akazunguka kitanda, akakaa, akakohoa kidogo na kushusha sauti: "Dada, kuna jambo unalisahau." Mwanzoni Baba aligonga mbao ya kitanda kwa mkono wa kushoto karibu kila sentensi, maana Shangazi alimfanya mjinga ili amshinde kwa urahisi.

"Si hivyo? Basi ungesemaje?" Akajaribu tena, na tena, mpaka mkono ukatulia. Kwa namna hiyo ilimbidi aziingie hoja za mdogo wake na kukaa ndani yake kama mtu anayepanga chumba. Mwezi wa pili ukageuza mambo: Baba sasa aligonga Shangazi alipokuwa kwenye kiti chake mwenyewe.

"Yaani mimi ndiye ninayejisingizia?"

Baba akatikisa kichwa kukubali. Hoja za Shangazi zilikuwa zimelegea, na Baba hakutaka ushindi wa bure.

Alasiri moja waumini wanne walikuja kumwombea Baba, wakasimama mlangoni. Shangazi alikuwa kwenye kiti cha Mwalimu, akieleza kwa nini akili ya binadamu haiwezi kuwa hakimu wa aliyeiumba, na alikuwa anaeleza vizuri sana. Mama mmoja akaja akamkumbatia machozi yakimtoka. "Hatimaye umeuona mwanga, dada yetu."

"Hapana, mama," alisema Shangazi kwa upole. "Nimemwazima mdogo wangu mdomo tu."

Mabega ya Baba yakaanza kutetemeka. Nilikimbia nikidhani amezidiwa, kumbe anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue.

Baadaye niliandika herufi zote kwenye mfuniko wa boksi ili awe anaonyesha kwa kidole. Maneno yake ya kwanza yalikuwa maji, dirisha na soksi. Shangazi alimwacha amalize kutaja mahitaji yake, kisha akaketi, safari hii kwenye kiti chake.

"Nataka kukuuliza wewe, si mimi nikiwa wewe. Umewahi kuwa na shaka? Ile ya kweli, ya kuona huenda hakuna anayesikiliza?"

Kidole kilitembea polepole. Nikasoma herufi moja moja kwa sauti. Kila siku.

Shangazi akasogeza kiti karibu na kitanda. "Na bado ukaenda darasani?"

Kila siku, kidole kikarudia.

"Miaka yote hii umeniacha nikidhani niko peke yangu. Mbona hukuniambia?"

Hukuuliza.

Shangazi alinitazama, akamtazama Baba, akajifunika uso kwa mikono miwili. Sijui kama alikuwa analia au anacheka. Nadhani naye hakujua. Kisha akaushika mkono wa Baba ulio mgonjwa, akaukanda kidole kwa kidole mpaka mgeni mwingine akabisha hodi.

Mwaka uliofuata Shangazi alistaafu, na maneno ya Baba yakaanza kurudi moja moja, kama kuku waliotawanyika. Hayakuzidi hamsini. Anayatumia kwa ubahili, na Shangazi analalamika kwamba tangu yapungue imekuwa vigumu zaidi kumshinda.

Juzi wamekaa ukumbini, mimi ninamenya viazi. Shangazi akasema amepata swali ambalo halina mlango wa kutokea. "Watu wote duniani wakilala kwa pamoja, asiwepo wa kuhesabu saa wala wa kuota, wakati utaendelea kupita?"

Baba akafikiri. Akanywa chai, akaweka kikombe chini, akafikiri tena.

"Kesho," alisema.

"Kesho utanijibu, au kesho ndilo jibu?"

Baba akatabasamu upande mmoja wa mdomo, asiongeze kitu. Shangazi alimbembeleza, akamtisha, akamnyima biskuti. Mwishowe akachukua mkoba wake akaondoka, na mpaka anakata kona tulimwona akizungumza peke yake na kunyoosha kidole.