Kura ya Kanali Marrow

Wanaosema kwamba marehemu mume wangu, Ambrose Cottrell, alinunua kiti chake katika Bunge la Virginia kwa ramu hawakuwepo mahakamani, kura zilikopigwa, siku ile ya uchaguzi. Mimi nilikuwepo, dirishani. Ramu waliileta wagombea wote wawili, kama ilivyo desturi, na wengi waliokunywa ya mume wangu walimpigia kura jirani yetu, Kanali Marrow.

Kila mpiga kura alimtaja mtu wake kwa sauti mbele ya karani. Asubuhi mume wangu alimtaja Kanali.

"Umempa mpinzani wako?" nilimuuliza.

"Ni jirani, mke wangu. Ulitaka nijitaje mwenyewe kama jogoo?"

Alasiri kura zikawa sawa, mia na nane kila mmoja, na aliyebaki kupiga ni Kanali peke yake. Akijitaja, kiti ni chake. Alisimama akavua kofia.

"Nampa Cottrell," alisema. "Asubuhi alinipa yake, na siwezi kushindwa adabu na mtu mwenye tumbaku mbovu vile."

"Yako, jirani, hata viwavi wanaisusa," mume wangu akamjibu.

Watu walicheka mpaka karani akaangusha kalamu. Wakambeba mume wangu mabegani, naye akataka Kanali abebwe pia.

Tumbaku yetu, iliyolimwa na watumwa wetu, haikuwa mbovu hata kidogo. Kiti kilipatikana kwa adabu ya majirani wawili. Zaidi ya hapo sisemi, na nisiulizwe.