Pumba za Nzige

Harufu ya pumba zilizochanganywa na molasi ni tamu kuliko watu wanavyodhani. Mtoto mwenye njaa akiinusa mara moja haimtoki tena. Hapa Tunduma ninakoishi kuna duka la chakula cha ng'ombe, karibu na mahali malori yanapopanga foleni ya kuvuka mpaka, na wakifungua magunia asubuhi harufu hiyo hutapakaa barabara nzima. Mimi nazunguka. Napita uchochoroni, kwenye matope na maji machafu, kizee na fimbo yangu, ili nisipite mbele ya duka lile. Wajukuu wanasema akili zimeanza kuniruka. Waache waseme. Ni afadhali waamini hivyo, maana nikiwaeleza sababu itabidi niwaambie nilichofanya nilipokuwa na miaka tisa, na jambo hilo hata mama yangu mzazi alikufa hajalijua.

Tulikuwa tukiishi Ihanda, katika nchi ya juu ya Wanyiha, Waingereza wakitawala na vita ya Hitla ikipiganwa huko mbali. Baba alikuwa Lupa kwenye machimbo ya dhahabu, na habari zake zilitufikia kwa nadra, kwa mdomo wa wapita njia. Nyumbani tulikuwa wanne, wote wanawake: mama, bibi mzaa baba, mimi, na mdogo wangu Eliza wa miaka minne. Eliza alikuwa na domo. Alikuwa hawezi kuficha kitu hata kwa dakika moja. Mgeni akipiga hodi tu, yeye anatoka mbio kumweleza tumekula nini, nani amegombana na nani, na kuku gani ametaga wapi. Mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu akikua ataolewa na karani, wasaidiane kuandika habari za watu. Tulicheka. Nasikia hata sasa jinsi tulivyocheka, na inaniuma.

Bibi hakuwa Mnyiha. Aliolewa akitokea chini, upande wa Momba kwa Wanamwanga, ambako watu walikuwa wamezoea mihogo michungu, ile ambayo ukiila hivihivi inakuua. Kwetu juu tulikuwa watu wa ulezi, na serikali ilipolazimisha kila nyumba ipande mihogo kwa ajili ya njaa, wengi waliiogopa. Bibi ndiye aliyewatoa hofu. Alikuwa na shimo lake kijitoni, amelizungushia mawe, na humo aliiloweka mihogo siku tatu hadi ilainike na kunuka uchachu uliofika mpaka njiani. Kisha aliimenya, akaianika, akaitwanga. Chakula kikiiva hakuruhusu mtu mwingine atangulie. Alikula yeye tonge la kwanza, akakaa juu ya kinu chake kilicholala ubavu, akatulia hadi kivuli cha nyumba kifike kwenye jiwe la kusagia. Kikifika na yeye mzima, alisema, “Haya, kuleni, imekwenda na maji.” Wanawake wa kijiji kizima walimletea mihogo yao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kudhurika. Nilimwona bibi yangu kuwa mtu anayeiamuru sumu itoke, nayo ikatoka.

Mwaka ule nzige walipanda kutoka bonde la Rukwa. Siku ya kwanza, nisiseme uongo, tulifurahi. Tuliwakamata kwa vikapu, tukawakaanga, tukala tukashiba. Ulezi ulikuwa umeanza kutoa masuke. Walipoondoka hapakuwa na shamba tena, palikuwa na vijiti. Wakatuachia mayai ardhini, na baada ya wiki chache wakatoka tunutu, nzige wachanga wasio na mabawa, wakitembea kwa miguu makundi kwa makundi na kumaliza hata machipukizi yaliyokuwa yanajitahidi kurudi. Tulichimba mihogo yote, mikubwa na midogo, tukaimaliza. Tukala mizizi ya porini. Eliza alianza kuvimba miguu, akawa hakimbilii tena wageni; alikaa mlangoni akiwaita waje kwake ili awape habari.

Ndipo walipokuja watu wa nzige. Bwana shamba, kijana aliyetoka mbali na ambaye hakujua Kinyiha, alikusanya watu mbele ya nyumba ya mwene, mtawala wetu, na kila nyumba ikagawiwa debe moja la pumba zenye sumu, tuzimwage chini njiani kwa tunutu. Zilikuwa za mahindi, zimeloweshwa molasi ili ziwavute wadudu. Fikiria jambo hilo. Watu waliokuwa hawajaonja unga kwa mwezi mzima wanapewa debe la pumba tamu, na kuambiwa wakalishe nzige. Bwana shamba alieleza kwa Kiswahili, tarishi wa mwene akatafsiri: hiki si chakula, hiki ni sumu. Bibi akainua mkono, akauliza kama sumu hiyo ni kali kuliko ile ya mihogo. Tarishi alikuwa amechoka, jua linamchoma na watu wanasukumana. Akamjibu bila hata kumwuliza bwana shamba, “Sumu ni sumu tu, mama.” Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, taratibu, na mimi niliyekuwa nimeshika nguo yake nilijua tayari anachofikiri, kwa kuwa hata mimi nilikuwa nafikiri hichohicho.

Nusu ya debe tuliimwaga shambani kama tulivyoagizwa. Nusu nyingine bibi aliipeleka kijitoni. Hakufanya kwa uzembe, na hilo nitalisema hadi naingia kaburini. Aliziosha kwa maji matatu, akazitia kwenye kapu lililosukwa kwa kubana, akaziloweka siku tatu kwenye shimo lake, akizigeuza asubuhi na jioni. Mama alikuwa na wasiwasi, lakini ni nani angembishia bibi katika jambo la kutoa sumu? Siku ya nne zilikuwa zimetandazwa juu ya mkeka nyuma ya nyumba, zikikauka. Utamu wote haukuwa umeondoka. Mimi na Eliza tulikaa kando ya mkeka tukinusa tu, tumekatazwa kugusa, na bibi alikuwa ameahidi kwamba kesho asubuhi tutakula uji.

Mchana wa siku hiyohiyo bwana shamba akarudi. Alikuja peke yake akisukuma baiskeli, magunia yamefungwa nyuma, na vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Mama na bibi walikuwa wamekwenda kutafuta kuni. Alinisalimu vizuri, akaniuliza kama nasikia Kiswahili. Nilikuwa nakisikia, nilikuwa nimeanza shule ya misheni. Akasema pumba zote zilizobaki zinarudishwa. “Kuna watu kijiji cha pili wamezila, wameugua sana. Kama hapa kuna hata kikombe kimoja, nipe, binti. Hamna kosa, hakuna atakayewagombeza.”

Nimelirudia neno lile “hakuna atakayewagombeza” mara nyingi kuliko sala zangu. Hakunitisha. Kama angenitisha, labda leo ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Nilimtazama nikafikiri: watu wale hawakuwa na bibi kama wangu. Walikula bila kuosha, washamba wale. Sisi zetu zimekwenda na maji. Nikafikiri pia juu ya uji wa kesho, na kwamba huyu mtu mwenye viatu ataufunga kwenye gunia lake aende nao. Nikasema, “Tulimwaga zote.” Eliza alikuwa ameketi mlangoni ubavuni mwangu. Nilimwona akifungua mdomo, macho yanang'aa, ana habari ya kumpa mgeni. Nikampitishia mkono mgongoni, nikamfinya. Nilimfinya kwa kucha, kwa nguvu zangu zote, na yeye ambaye hakuwahi kunyamaza maishani mwake, akanyamaza.

Bwana shamba akatutazama kidogo, kisha akatoa chaki mfukoni, akachora msalaba mdogo kwenye mwimo wa mlango. Hiyo ilikuwa alama ya nyumba iliyokwisha kaguliwa. Akasema asante. Akaondoka zake kuelekea nyumba ya chini, akiongea peke yake kwa uchovu, na mimi nilijiona mwerevu sana.

Kesho yake bibi akapika uji. Alikula yeye kwanza, kata moja ndogo, akakaa kwenye kinu. Kivuli kikafika kwenye jiwe la kusagia naye mzima, akasema maneno yake yaleyale, tukala. Mama alijinyima, mimi nikapata kiasi, na Eliza kwa kuwa ndiye aliyekuwa dhaifu kuliko wote akapewa bakuli lake, kisha la bibi, kisha akaachiwa na chungu akombe. Alikomba kwa kidole. Aliimba akikomba. Jua halijafika utosini bibi akashika tumbo, nami nikaanza kutapika. Eliza alitapika hadi akawa hana cha kutapika, akawa anaomba maji, akipewa yanarudi, anaomba tena. Usiku wake siusimulii. Alfajiri mama alimfunga mgongoni akaanza safari ya kwenda zahanati ya misheni, mwendo wa nusu siku, nami nikamfuata kwa kuwa niliogopa kubaki na bibi anayeugulia sakafuni. Mahali njia inapopanda kilima niliona mkono wa Eliza umelegea, unacheza kwa kufuata hatua za mama. Mama naye alijua, nadhani. Lakini aliendelea kutembea, akimwambia, “Tumekaribia, Eliza, tumekaribia,” hadi kwenye mlango wa zahanati.

Alipooshwa kwa maziko, wanawake walikuta alama mbili za kucha mgongoni mwake, bado zimevilia damu. Mmoja akauliza, nani amemwumiza mtoto? Nilikuwa nimesimama hapohapo.

Bibi alipona. Afadhali asingepona, nasema hivyo kwa kumpenda. Mihogo ilianza kupatikana tena msimu uliofuata, lakini hakuna aliyemletea kuloweka, na watoto walikatazwa kupita karibu na shimo lake. Wengine walisema mengine, yale yanayosemwa juu ya vikongwe waliotoka nchi nyingine. Hakujitetea. Alikuwa akikaa juu ya kinu akiitazama mikono yake, na siku moja aliniuliza, mimi mtoto, “Nilikosea wapi? Siku tatu hazikutosha?” Ningeweza kumjibu. Ningemwambia: bibi, ulikosea, lakini kosa lako lilikuwa limekuja kuchukuliwa mlangoni, na mimi ndiye niliyelizuia. Alikufa akiamini kwamba mikono yake peke yake ndiyo iliyomwua mjukuu wake. Bwana shamba tulisikia amehamishiwa kwingine. Msalaba wa chaki ulikaa mlangoni hadi mvua za upepo zilipoufuta, na mama alipouliza ni nini, nilimwambia ni watoto walikuwa wanacheza.

Sasa dunia imebadilika, wanasema. Kuna redio, kuna simu, kuna wataalamu wanaopima chembe ya unga wakaiona sumu ambayo jicho halioni. Mjukuu wangu Upendo ana duka la nafaka hapa mtaani, nami nakaa naye. Majuzi redio ilitangaza kwamba unga fulani wa mahindi umekutwa na sumukuvu, ile inayotokana na mahindi kuota ukungu, na wenye maduka wote waurudishe. Upendo aliisikia. Nilimwona akiisikia. Jioni ile viroba vitano vya unga huo vilitoka dukani vikaingia chini ya kitanda changu. “Bibi, usijali, ni kwa siku chache tu, kelele zipite,” akaniambia. Ana watoto watatu wanasoma. Si mtu mbaya.

Wakaja watu wa afya, kijana mmoja na dada mmoja, wapole. Kijana akauliza. Upendo akajibu bila kupepesa macho, “Huo uliisha wiki iliyopita, kaka.” Nikahisi kucha zangu za miaka tisa. Nikasimama na fimbo yangu nikasema, “Upo. Uko chini ya kitanda changu.” Lilikuwa neno fupi tu, na nimelibeba maisha yangu yote. Upendo alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake mbele za watu, na tangu hapo ananipa chakula bila kuniongelesha.

Wakavitoa viroba. Vinne vilikuwa vimeshonwa. Cha tano kilikuwa kimefunguliwa, kimebaki robo. Upendo alikuwa akichota humo na kupima kwa kilo hata baada ya tangazo. Yule dada akauliza umeuzwa kwa nani. Upendo akasema, “Watu tu. Watoto wanatumwa, nitawakumbuka vipi?” Dada akaandika kitu kwenye karatasi yake, wakapakia, wakaondoka.

Tangu siku hiyo nakaa mlangoni mwa duka kutwa nzima nikitazama watoto wanaokuja kununua. Kuna katoto kalikokuwa kanakuja kila asubuhi na bakuli la kijani, kanaongea sana, kananieleza kwao wamekula nini na nani amegombana na nani. Wiki ya pili sasa sikaoni. Nilimwuliza Upendo, naye kwa mara ya kwanza akafungua mdomo kunijibu. Anasema anadhani wamehama. Hapa mpakani watu huhama, ni kweli.