Faini ya Kaburi

Faini yenyewe ilishafutwa, na watu bado hawaji kuchimba. Hapo ndipo akili yangu inapogota. Mimi niliishia darasa la saba. Labda wenye elimu wataniambia kilichoharibika ni kipi.

Huku kwetu Pongwe ukichimba kidogo tu unakutana na jiwe la chokaa. Kaburi moja lilichimbwa na wanaume wengi kwa kupokezana, huyu akichoka anatoka, mwingine anaingia. Hakuna aliyelipwa. Asiyetokea alipita msikitini kainamisha uso, na kesho yake unamwona kwa wafiwa kabeba kuni, anajikosha. Vijana wa bodaboda wakaanza kukwepa. Ndipo mwenyekiti wa mtaa, namtaja kwa cheo maana bado kakikalia, akamleta kikaoni mpwa wake aliyesomea uchumi. Kijana akatueleza kwamba binadamu hufuata faida na hukimbia hasara. Asiyechimba tumtoze faini, tutaona wote wanakuja. Mzee mmoja akauliza, "Na mwenye nazo je?" Akachekwa.

Haikupita miezi mingi, watu wakawa wanalipa kabla hata ya kudaiwa. Mwenye duka la saruji ndiye aliyefungua njia, wengine wakamfuata. Ukikutana nao barabarani wanakutazama usoni kabisa, wanasema wameshatuma kwa simu. Mfuko ukajaa. Kwa mwenyekiti, huo ndio ukawa ushahidi kwamba mpango umefaulu.

Kisha ikaja zamu yetu. Lori lililotubeba mimi na kaka yangu pamoja na machungwa kutoka Maramba lilipinduka. Mimi nilitoka hospitali na mguu huu mnaouona. Kaka yangu alitoka wiki iliyofuata, maiti. Tulipanga kumzika baada ya adhuhuri. Ameshaoshwa, ameshakafiniwa, nafika makaburini kwa magongo yangu, shimo liko magotini. Waliokuwepo ni wazee watatu na sururu moja.

Nikampigia yule wa saruji. Tuliingia jando pamoja, mimi, yeye na marehemu.

"Pole sana, ndugu yangu," akaniambia. "Mimi nimeshatuma, muulize mweka hazina."

Nikamwambia shimo halijafika popote. Akasema si ndiyo kazi ya hela zile, tukodi watu. Aliyasema kwa upole, na nyuma yake nilisikia wateja. Angenitukana ningemwelewa.

Mweka hazina akaleta wapasua mawe kutoka machimboni. Walilitazama jiwe, wakasema kazi ni ngumu kuliko walivyoambiwa, tukaanza kuvutana bei. Nimesimama na magongo juu ya kaburi la kaka yangu, napunguziana na watu kama niko gengeni.

Nisiwadhulumu, walichimba vizuri. Kuta zimenyooka, mwanandani wa kumlaza maiti kakaa sawa, kuliko yale makaburi yetu ya kila mtu na ubishi wake. Na muda wa kuzika haukupita. Ukipiga hesabu huoni kilichopungua, nami nimeipiga mara nyingi. Yule mpwa nilimuuliza baadaye. Akasema kosa lilikuwa moja tu, faini ilikuwa ndogo. Mwenyekiti akasema kosa ni la vijana wa siku hizi. Vijana wakasema kosa ni la mwenyekiti. Mimi nawalaumu wote, nikianza na yule wa saruji, lakini nikifika kwake nakumbuka kwamba kila alichotakiwa kutoa alikitoa, na mapema kuliko wote.

Siku ile wachimbaji walipomaliza, jeneza lilikuwa bado halijaletwa. Mmoja wa wapasua mawe alitoka shimoni, akajipangusa jasho, akawatazama wale wazee watatu, akanisogelea.

"Samahani, mzee wangu," akasema taratibu. "Marehemu alikuwa mgeni hapa?"

Nikamwambia amezaliwa hapa hapa Pongwe, na mababa zake wamelala pale nyuma yake. Akaitikia kwa adabu tu, nikaona hajaniamini. Na mimi sikuwa na mtu wa kumwonyesha.