Mashine ya Amosi Ikisimama

Mlangoni kwa Limi, pale Katoro, kuna beseni, jagi la maji na kipande cha sabuni ya mche. Hapiti mtu hapo bila kunawa, awe ameleta simu ya kitochi au kompyuta ya ofisi ya kijiji. Wageni huuliza kama wamefika kwa mama ntilie. Limi huwaeleza taratibu: nusu ya watu wa mji huu wanashika zebaki, zebaki ikiigusa dhahabu haiachi, na ndani ya mashine zenu, ndugu zangu, kuna dhahabu. Ni kidogo mno, imepakwa tu juu ya vimeno vinavyopitisha umeme, lakini ipo. Mwanzoni mwa ufundi wake mnunuzi mmoja wa dhahabu alichomoa laini ya simu kwa vidole vilivyotoka kwenye karai, akairudisha, na simu ile haikusoma laini tena. Tangu siku hiyo beseni halijaondoka. Ana miaka tisa kazini na sharti hilo hajalilegeza kwa yeyote, isipokuwa kwa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa mdogo wake, Amosi. Amosi alifanya kazi ya kuchenjua kwenye mialo, mahali pa kuoshea mawe ya dhahabu, upande wa Geita: anaosha unga wa mawe, anaumwagia zebaki, anaukanda kwa mikono mitupu mpaka dhahabu inase, kisha anaikamua kwenye kitambaa. Akitoka huko aliingia kwa dada yake kama anavyoingia jikoni kwao Samuye, anavuta kiti, anashika hiki, anafunua kile. Kumnawisha ndugu wa tumbo moja mlangoni kama mgeni, Limi aliona ni kumdhalilisha. Yeye aliyefukuza hadi diwani kwa sababu ya sabuni, kwa Amosi alinyamaza.

Sasa Amosi ana siku thelathini na sita kaburini. Duara, shimo la kuchimbia dhahabu, liliporomoka likamfunika na wenzake wawili. Kule msibani Limi hakutoa chozi. Alipika, akapokea wageni, akaitikia pole, akaosha masufuria. Mashangazi wakanong'ona kwamba mji umemgeuza jiwe, na tuseme ukweli, hawakuwa mbali sana. Kifua chake kilikufa ganzi kama mguu uliokaliwa kwenye misa ndefu, tofauti ni kwamba mguu mtu akiinuka unaamka.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Amosi alikuwa na kompyuta kubwa ya gemu, ya mtumba kutoka Mwanza, aliyoipenda kuliko shati lake la Krismasi. Limi aliifungua mara moja tu, akapuliza vumbi, akabadilisha feni. Haukupita muda mashine ikaanza vituko: katikati ya mechi kioo kinaganda, au inajizima yenyewe na kujiwasha, leo mara tano, kesho haifanyi kitu. Amosi akamwambia mbele ya wateja, "Dada, hii ilikuwa nzima mpaka ulipoigusa." Neno hilo lilimchoma Limi kwenye jina lake la ufundi. Akamjibu, "Basi nenda kanunue nyingine, usinisumbue." Na Amosi, aliyekuwa akiogopa shimo tangu utoto, aliyechagua mwaloni kwa sababu kuna jua, akaenda kuomba nafasi ya kushuka duarani, kwa kuwa wanaoshuka wanapata pesa haraka. Siku ya nne likaporomoka.

Kwa hiyo alichotaka Limi kilikuwa kimoja tu, kujua nani aliyeharibu ile mashine. Kama ni mkono wake, basi mkono huo ndio uliompeleka mdogo wake shimoni. Aliliwaza hilo asubuhi na jioni, macho makavu, kama mtu anayesoma tangazo la mkutano ukutani.

Jumanne mama yake alipiga simu kutoka Samuye.

"Mwangaluka, Limi. Ile mashine ya mdogo wako imepona?"

"Bado, mayu."

"Jumamosi ni arobaini, tunagawa vitu vyake. Wamesema iende kwa binamu yenu Benjamini. Siwezi kumpa mtoto wa watu kitu kinachokufa kikifufuka."

"Nitaileta ikiwa nzima."

"Unakula lakini?"

"Nakula, mayu." Tangu jana alikuwa amekunywa chai tu.

Mashine ilikuwa imelazwa ubavu juu ya meza yake wiki ya tatu sasa, tumbo wazi. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeanza kwa kuchomoa RAM, kile kipande chembamba cha kumbukumbu, maana matatizo mengi hukaa hapo. Limi hakuanzia hapo. Alianza na kazi yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa akilitafuta kosa lake kuliko ugonjwa wa mashine. Aliing'oa feni aliyoifunga, akarudisha ya zamani. Akapima joto, likawa la kawaida. Akabadilisha pawa saplai, akaazima kadi ya picha kwa fundi mwenzake wa Geita. RAM aliipima kwa programu kwa saa nne, ikafaulu bila doa, akaiacha mahali pake. Kila kipimo pale mezani kilitoka safi. Kisha anaifunga, anaisimamisha chini kama inavyotakiwa, anawasha gemu, na kabla timu haijavuka katikati ya uwanja, kioo kinaganda.

Hakukasirika. Fundi mwenye damu mwilini angetukana angalau kidogo. Yeye aliibeba tena, akailaza, akaifungua skrubu moja moja.

Jirani yake Ghati, Mama Suzana, Mkurya anayeuza dagaa wa Nkome, alikuwa amekuja kuomba chenji. Alinawa pale mlangoni huku akilalamika.

"Mimi na dagaa zangu nina zebaki gani, fundi?"

"Nawa tu, Mama Suzana."

Ghati akasogea, akaitazama mashine. Siku zote hizo alikuwa akiangalia dirishani kwake jinsi inavyopandishwa na kushushwa.

"Huyu mgonjwa wako ana makusudi," alisema. "Akilala mzima, ukimsimamisha anaanguka. Kama mume wangu siku ya mnada."

Limi hakucheka. Aliacha bisibisi mezani na kumkazia Ghati macho, mpaka yule mama akadhani amemkosea mtu mwenye msiba.

"Nisamehe, fundi. Mdomo wangu huu."

"Hapana. Nisaidie kuishika."

Wakaisimamisha wazi vilevile, bila gemu yoyote. Ikajizima ndani ya dakika saba, ikiwa haina kazi. Wakailaza, Limi akawasha gemu, akaiacha icheze yenyewe mechi baada ya mechi. Ghati alikwenda kuuza, akarudi, akaenda tena. Mashine haikukohoa. Basi haikuwa nguvu wala joto. Kulikuwa na kitu humo ndani kinachohama kikiwekwa wima.

Akaizima, akachomoa umeme, akashika RAM kwa pembe na kuitoa. Akaipeleka mlangoni kwenye mwanga.

Meno yote ya kipande kile yalikuwa ya manjano, isipokuwa sita. Hayo sita yalikuwa meupe kama bati jipya, na weupe wake haukukatika kwa mstari. Ulikuwa wa mviringo, na ukingoni ulionyesha michirizi myembamba iliyopinda. Limi alikisogeza kidole gumba chake karibu bila kugusa. Alama ile ilikuwa ya kidole kikubwa kuliko chake. Alimulika tochi kwenye nafasi ya bodi kilikotoka kipande hicho, na chini kabisa akaona tone la zebaki, dogo kuliko mbegu ya mchicha. Alipoinamisha mashine, tone likasogea.

Ndipo alipokumbuka simu. Wiki ile ya feni, siku moja Amosi alimpigia kwamba mashine imegoma kuwaka. Limi alikuwa na wateja watatu mezani. Alimwambia kwa pumzi moja: chomoa RAM, sugua meno yake kwa raba ya kufutia, rudisha, itawaka. Amosi akasema, "Sawa dada, ndiyo naingia nyumbani, natoka mwaloni, naifanya sasa hivi." Jioni akatuma ujumbe kwamba imewaka na yeye sasa ni fundi. Limi alimjibu kwa kicheko. Hakukumbuka kumwambia anawe.

Kwa hiyo kazi ya mkono wake ilikuwa safi. Alilisubiri hilo siku thelathini na sita, na lilipofika hakupata nafuu yoyote. Miaka tisa alikuwa amewaambia wapita njia wote wa Katoro neno moja, nawa, akamnyima mdogo wake.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya kawaida. Alivaa glavu, akalivuta tone kwa bomba la sindano, akalifungia kwenye chupa. Nafasi ile akaiziba kwa gundi isitumike tena, akaweka RAM nyingine kwenye nafasi ya pili. Mashine ikasimama siku tatu, ikacheza, haikuzima. Kipande cha zamani hakukitupa. Alikifunga kwenye karatasi, akakitia kwenye mkoba.

Jumamosi, Samuye, baada ya sala vitu viligawiwa uani: koti kwa baba mdogo, redio kwa shangazi, viatu kwa jirani aliyelichimba kaburi. Ilipofika zamu ya mashine akaitwa Benjamini. Naye ni mchenjuaji, upande wa Kahama, na alikuwa amefika asubuhi hiyo moja kwa moja kutoka kazini. Akanyoosha mikono kuipokea.

"Kanawe kwanza," Limi alisema.

Watu wakageuka. Shangazi mmoja akasema kwa sauti, "Ndugu yako huyo, Limi. Unamnawisha kama mgeni?"

Limi alichukua jagi na sabuni vilivyokuwa vimewekwa kwa ajili ya chakula, akamkalisha Benjamini kwenye kigoda, akaikamata mikono yake na kuanza kuiosha yeye mwenyewe, kidole kimoja baada ya kingine, kucha, katikati ya vidole, viganja. Akaisuuza, akaipaka sabuni upya. Benjamini aliuona uso wake, akaacha mikono yake pale. Limi alikuwa analia, kwa sauti, kama walivyolia wenzake siku ya kwanza, na hakuacha kusugua.

Maji yaliisha. Mama yake aliinuka, akalichukua jagi, akaenda kulijaza.