Hema Nje ya Ua

Hema tulilinunua sokoni Kibuye, la mitumba, zipu moja imeharibika. Nililisimamisha kwanza sebuleni kwetu Kaloleni, viti tukavisogeza ukutani, ili nijue kila fito inaingia wapi. Mke wangu alikaa mlangoni akinitazama.

"Mzee, ungejenga nyumba kwa bidii hiyo, mimi ningekuwa sina neno."

Nyumba ndiyo iliyotutoa Kisumu. Tulioana ukubwani, hatukujaliwa mtoto, na nyumbani kwa marehemu baba yangu, mbele ya Homa Bay, sikuwa na hata kibanda. Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Kaka yangu mkubwa yuko Nairobi, hakuwa amejenga, na hakutaka kuulizwa. Kila tukienda matangani, mke wangu alilala na wajane jikoni, mimi kwenye gari. Tulipotoka kumzika shangazi yangu aliniuliza, "Nikifa leo, mtanitoa kwa mlango gani?" Kwetu maiti ya mke hutolewa kwa mlango wa nyumba yake. Akasema anataka kulala ndani ya ua ule hata usiku mmoja, kama mke wa mtu. Ikishindikana, ataenda kwa dada yake Bondo, maana haoni anachongojea.

Mengi ninayoyajua niliyasoma peke yangu, na nimezoea kuichukua sheria nikatafuta mpaka wake. Nyumba huchimbiwa nguzo. Mwenyewe huiingia mara ya kwanza na jogoo na moto. Hema halina nguzo, na asubuhi linakunjwa. Kwa hiyo hema si nyumba. Nilimweleza hivyo, akafikiri kidogo.

"Sawa. Lakini tusifike haraka. Kwanza tutembee."

Tukatembea. Katito tulinunua makaa. Kendu Bay tulipiga hema karibu na lile ziwa dogo ambalo hadithi yake kila mtu anaijua, ya bikizee aliyenyimwa pa kulala, kijiji kizima kikazama. Akina mama waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, walikuja kutuchungulia.

"Baba, mwenye nyumba amewafungia mlango?"

"Huyu ni konokono," mke wangu akawajibu. "Anatembea na nyumba yake."

"Afadhali wako ana ganda! Wangu ana mdomo tu."

Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Homa Bay tulikula samaki, ngege wa kukaanga, kando ya maji, akaniambia zipu ile ataishona mwenyewe. Nilianza kuamini kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi.

Tulifika nyumbani mchana. Baba mdogo, ndiye mkubwa wa boma sasa, alitupokea vizuri, tukanywa chai. Kisha nikashusha hema. Nilikuwa nimekwisha kupigilia vigingi vya upande mmoja alipokuja na fimbo yake.

"Hiki ni nini?"

"Ni hema tu, baba. Kesho tunakunja."

"Lina mlango?"

"Lina zipu."

"Wewe na mke wako mtaingia humo mfunge?"

"Ndiyo."

"Basi umejenga. Kaka yako yuko hai, nawe umemruka kama aliyekufa. Ng'oa."

Nilimweleza habari ya nguzo, jogoo na moto. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila hasira.

"Umesema vizuri, kijana wangu. Ng'oa. Au mpigie mwenyewe, akikubali mimi sina neno."

Nilimpigia kaka yangu, simu nikaiweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Hema?" akasema. "Omera, ndugu yangu, unataka kuniua kwa turubai?" Akakata.

Mke wangu ndiye aliyeanza kung'oa vigingi. Alivifuta udongo kimoja kimoja kwa leso yake, akanikabidhi.

Tulilipiga nje ya ua wa michongoma, kando ya barabara. Aliketi mlangoni pa hema akitazama lango.

"Hapa ni kwa nani?"

"Hapa ni barabara. Ni ya serikali."

"Basi mimi ni mke wa serikali."

Nilicheka. Nilipomtazama, yeye hakuwa anacheka.

Asubuhi aliomba nimpeleke Mbita, kwenye kivuko. Ng'ambo ni Luanda Kotieno, na kutoka pale Bondo si mbali. Njiani nilimwambia nitazungumza tena na kaka yangu. "Zungumza naye," alisema. Alichukua mfuko wake na sufuria ndogo, yake ya tangu kabla hatujaoana. Wanawake waliopanda na vikapu vya samaki walimsogezea nafasi kwenye benchi, naye akakaa katikati yao, mgongo wake ukielekea upande wangu.

Hema lilikuwa limelowa umande. Hema bichi halikunjwi, huoza. Kwa hiyo nilipofika Kaloleni nilisogeza viti ukutani, nikalisimamisha tena sebuleni likauke. Lilikauka kesho yake. Bado limesimama.