Waya Nilioushikilia kwa Mkono wa Kulia

Mimi ni mtu wa kujikalia kwangu Mandewa, ila mdomo wangu hutembea. Juzi nilimwambia Mzee Omari, mwenye redio ninayofanyia kazi, moja ya hizi za watu binafsi zinazochipuka siku hizi, kwamba nitabadilisha swichi zote mbili zinazounganisha kompyuta za kutunzia vipindi, na hakuna kitakachopotea wala matangazo kukatika. "Yakikatika, nitimue!"

Kazi yenyewe ni kubadilisha moja, nyingine ibebe mzigo. Nikafunga swichi mpya ya kwanza, kumbe waya wake umevunjika kile kidude cha kuubana usichomoke. Kufuata mwingine dukani, na jua lile? Nikaushikilia kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukang'oa swichi kuukuu ya pili.

Mara Mzee Omari huyo, redio ndogo sikioni, ananinyooshea mkono.

Nimpe mzee wa kushoto? Mama angenilaani. Nikaachia waya.

"Shikamoo, mzee."

Redio ikanyamaza. Akaitikisa, akanitazama, bado kanishika mkono.

"Marahaba, fundi. Na huo unaoning'inia nyuma yako ni mkia?"